Je, mchanganuzi nafsi anaruhusiwa kukiri kwamba hakuwa akinisikiliza?

SWALI: Nimekuwa nikihudhuria tiba ya uchanganuzi nafsi kwa mwaka mmoja na nusu, vikao viwili kwa wiki. Mwezi uliopita nilikuwa nikisimulia jambo la kazini, nikaona macho ya mtaalamu wangu yamehamia dirishani. Nilinyamaza, kisha nikamwuliza kama nimemchosha. Alikaa kimya kidogo, akanijibu: “Umeona sawasawa. Kwa dakika chache sikuwa pamoja nawe, na nadhani inafaa tujiulize sote wawili ni nini kilichotokea.” Nilitoka pale nimefarijika, lakini usiku sikulala kwa hasira. Rafiki yangu aliyesomea saikolojia anasema mchanganuzi hapaswi kujieleza kwa mteja hata siku moja, kwamba anatakiwa awe kioo. Mtaalamu wangu anasema anafuata mkabala wa mahusiano. Je, huo ni mkabala unaokubalika, au ni jina zuri la kukosa nidhamu? Na hasira hii niifanye nini? Naongeza jambo moja, sijui kama lina maana: mama yangu alikuwa akinuna siku nzima, na nikimwuliza kama amekasirika hujibu kwamba hana neno, ni mimi ninayejitungia.

JIBU: Sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiweka kama nyongeza, ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu, nami nitairudia baada ya kujibu ulichouliza kwanza. Mkabala wa mahusiano, yaani ule unaoamini kwamba nafsi hujengwa na kuumizwa ndani ya mahusiano, upo, una zaidi ya miaka 40 tangu upewe jina, unafundishwa katika taasisi zinazoheshimika, una jarida lake na chama chake cha kimataifa. Mchanganuzi anayeufuata anaweza, katika mazingira fulani, kumthibitishia mteja jambo ambalo mteja amekwisha kuliona kwa macho yake. Kwa hiyo huwezi kusema mtaalamu wako amekosa nidhamu kwa sababu tu alikiri. Nidhamu yake itapimwa kwa alichokifanya baada ya kukiri, na hapo barua yako iko kimya.

Rafiki yako naye hakubuni habari ya kioo. Ilitoka kwa Sigmund Freud mwenyewe, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi, ambaye mwaka 1912, katika makala ya ushauri kwa madaktari waliokuwa wakijifunza kazi hii, aliandika kwamba undani wa daktari usionekane na mgonjwa, na kwamba daktari awe kama kioo kisichoonyesha kitu ila kile kilicholetwa mbele yake. Hoja yake ilikuwa nzito. Mgonjwa huhamishia kwa daktari hisia alizokuwa nazo kwa wazazi wake na kwa watu wengine wa utotoni, na uhamisho huo wa hisia ndio malighafi ya kazi nzima. Sasa, daktari akijianika, akasema anapenda nini na amekerwa na nini, itajulikanaje kipi kimetoka kwa mgonjwa na kipi kimetoka kwake? Anayetaka kuona kilichomo kisimani hayakorogi maji.

Freud hata hivyo hakuishi kama kioo. Katika kumbukumbu alizojiandikia kuhusu mgonjwa anayejulikana kwa jina la “Mtu wa Panya”, ambaye alianza kumtibu mwaka 1907, imo habari kwamba siku moja mgonjwa huyo alikuwa na njaa, akapewa chakula. Alimchanganua pia binti yake wa kumzaa, Anna, jambo ambalo leo lingemfukuzisha mtu kazi. Sisemi haya kwa kumkejeli. Nayasema kwa sababu kizazi kilichofuata kiliushika ushauri wa kioo kwa ukali kuliko mwenyewe aliyeutoa, hata ikafika mahali, katikati ya karne ya 20, ambapo mchanganuzi aliyemjibu mteja wake kwa sentensi ya kawaida alijiona ametenda kosa.

Tena, nyuma ya kioo kulikuwa na picha fulani ya binadamu. Freud alimwona mtu kuwa kiumbe anayezaliwa na misukumo ya ndani, wa mapenzi na wa uharibifu, inayotafuta mahali pa kutulia. Watu wengine huingia katika maisha yake hasa kwa kuwa wanaitosheleza misukumo hiyo au wanaizuia. Ukiamini hivyo, ni haki mtaalamu ajitoe katika picha, kwa maana kinachochunguzwa kimo ndani ya mtu mmoja tu. Lakini wapo waliotilia shaka picha hiyo mapema, na walikuwa watu waliotibu watoto walioumizwa na wagonjwa waliodhaniwa hawatibiki.

Mmoja wao ni Ronald Fairbairn, daktari wa Edinburgh, aliyeandika katika miaka ya 1940 kwamba kiu ya kwanza ya binadamu ni kumpata mwenzake, na kwamba raha ni alama tu ya njia ya kumfikia huyo mwenzake. Aliwaona watoto waliotendewa vibaya na wazazi wao, na kilichomshangaza ni jinsi walivyoendelea kuwang'ang'ania wazazi hao na kuwatetea. Alieleza kwamba mtoto hawezi kuishi akijua kwamba anayemtegemea kwa kila kitu ni mbaya. Kwa hiyo huuchukua ubaya na kuuweka ndani yake mwenyewe. Afadhali niwe mimi mwenye kosa, mradi mama abaki mwema. Tafadhali ikumbuke hoja hiyo, maana tutaihitaji tukifika dirishani.

Upande wa Marekani, Harry Stack Sullivan alifika karibu na hapo kwa njia yake. Yeye alisema kwamba daktari wa akili hawezi kumwangalia mgonjwa kama anayeangalia mdudu kwa darubini, kwa kuwa kule kuangalia kwenyewe tayari ni kushiriki. Wawili wakikaa chumbani, kila mmoja anamgeuza mwenzake. Mwaka 1943 alikuwa miongoni mwa walioanzisha jijini New York taasisi ya mafunzo ya William Alanson White, pamoja na Clara Thompson na Erich Fromm. Nchini Uingereza, Donald Winnicott, ambaye kabla ya yote alikuwa daktari wa watoto, alisema kwamba hakuna kitu kinachoitwa mtoto mchanga, akimaanisha kwamba ukimkuta mtoto utamkuta pia mtu anayemlea, na ukimtenga utakuwa umechora picha ya kitu kisichokuwepo. Huyohuyo ndiye aliyechapisha mwaka 1949 makala iliyowaudhi wengi, ambamo alisema kwamba mchanganuzi humchukia mgonjwa wake nyakati nyingine, na kwamba chuki isiyokubaliwa moyoni mwa mtaalamu ndiyo ya hatari.

Nyuzi hizo zilikaa mbalimbali kwa miaka mingi, kila kambi na lugha yake. Waliozikusanya ni Jay Greenberg na Stephen Mitchell, katika kitabu walichokichapisha mwaka 1983, wakionyesha kwamba chini ya mabishano yote kuna mifano miwili tu ya binadamu: mmoja unaoanza na misukumo na mwingine unaoanza na mahusiano. Mitchell akaendelea. Mwaka 1988 alitoa kitabu chake mwenyewe kuhusu dhana za mahusiano, na miaka hiyohiyo mkondo wa mahusiano ukafunguliwa katika programu ya mafunzo ya baada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha New York; mwaka 1991 likaanza jarida. Alifariki ghafla mwishoni mwa mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 54, na chama cha kimataifa alichokuwa akikiandaa kikaundwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo unapoambiwa “mkabala wa mahusiano”, usifikirie shule yenye katiba na amri kumi. Ni mwavuli, na waliomo chini yake hawakubaliani katika kila jambo. Kinachowaunganisha ni imani kwamba nafsi hujengwa ndani ya mahusiano, huumizwa humo, na hutengenezwa humo pia, ikiwamo katika uhusiano wa mteja na mchanganuzi wake.

Sasa turudi dirishani.

Umenyamaza katikati ya simulizi na umeuliza: nimekuchosha? Mchanganuzi wa kioo angekurudishia swali: “Ni nini kinachokufanya ufikiri kwamba umenichosha?” Hilo si swali baya. Kwa wateja wengi hufungua mlango mpana, na mimi mwenyewe hulitumia kila wiki. Lakini lisikilize kwa masikio yako wewe. Umemwona mtu ameondoka akilini, umemwuliza, naye badala ya kukujibu anakugeuzia uso mtulivu na kutaka kujua ni nini ndani yako kinachokufanya uone hivyo. Huyo si mwingine ila mama yako anayesema hana neno, kwamba ni wewe unayejitungia. Jibu ambalo vitabuni linaitwa la kutoegemea popote lingekuwa, kwako, limeegemea pale pale ulipoumia.

Irwin Hoffman aliliandika jambo hili mwaka 1983 katika makala ambayo bado nawapa wanafunzi wangu. Alisema mteja ni mfasiri wa yale yanayompata mchanganuzi, kama vile mchanganuzi alivyo mfasiri wa yale yanayompata mteja. Mteja hatungi kutoka hewani. Huchagua katika yale yaliyopo kweli, na historia yake ndiyo inayomfanya ayachague haya na si yale. Mteja mwingine katika kiti chako asingeyaona macho kuhamia dirishani, au angeyaona akadhani mtaalamu anafikiri kwa makini. Wewe ulijifunza tangu utotoni kusoma uso uliokana kilichoandikwa juu yake. Ujuzi huo ni wako, ulikugharimu, na kwa mara ya kwanza mtu aliyesomwa amekwambia umesoma vizuri. Sishangai ulifarijika.

Aliyelijua hili kabla ya wote, kwa kadiri ninavyoona mimi, ni Sándor Ferenczi wa Budapest, mwanafunzi na rafiki wa Freud. Mwezi Septemba mwaka 1932 alisoma mbele ya kongamano huko Wiesbaden hotuba kuhusu watoto waliodhulumiwa na watu wazima, ambayo Freud hakutaka ichapishwe. Ndani yake aliushutumu unafiki wa kitaaluma: tunampokea mgonjwa kwa adabu, tunamwahidi kumsikiliza kwa moyo wote, kumbe kuna mambo yake yanatuudhi, naye anayahisi, ila hathubutu kusema. Kilichomuumiza mtoto, alisema Ferenczi, hakikuwa kitendo peke yake. Kilikuwa pia mtu mzima aliyekana baadaye kwamba chochote kimetokea. Na alipoanza kukiri makosa yake mbele ya wagonjwa, aliona imani yao kwake ikiongezeka.

Lakini Ferenczi huyohuyo ndiye onyo letu. Mwaka huo alikuwa akimtibu Elizabeth Severn, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa tiba, na ambaye alishikilia kwamba daktari wake ana chuki iliyojificha dhidi yake inayozuia matibabu. Mwishowe Ferenczi alikubali kwamba ni kweli, mambo yakalegea. Kisha wakaenda mbele zaidi, wakawa wanabadilishana, saa hii anachanganuliwa yeye, saa nyingine mgonjwa. Shajara yake ya mwaka 1932, iliyokuja kuchapishwa miaka zaidi ya 50 baada ya kifo chake, inaonyesha jinsi alivyonasa. Kama atasema kila kinachomjia akilini, kama mchanganuliwa anavyotakiwa, je, siri za wagonjwa wengine atazificha vipi? Na mgonjwa aliyekuja kutibiwa, nani atambeba siku daktari anapolala kwenye kochi lake? Alifariki mwezi Mei mwaka 1933 bila kupata jibu.

Jibu lililokubalika baadaye limeandikwa vizuri na Lewis Aron katika kitabu chake cha mwaka 1996. Uhusiano wa uchanganuzi, anasema, ni wa kuathiriana kwa pande zote mbili, ila hauko sawa kwa sawa. Wote wawili wanaguswa, wote wawili wanamsoma mwenzake, wote wawili wanaweza kukosea. Hata hivyo mmoja amekuja kutafuta msaada na mwingine ameajiriwa kuutoa, na wajibu wa kulinda kikao ni wa mmoja tu. Ukimkuta mtu anayehubiri mkabala wa mahusiano kwa kutaja kuathiriana pekee, akaisahau tofauti hiyo ya majukumu, basi hapo rafiki yako ana haki ya kuliita jina zuri la kukosa nidhamu.

Nitakusimulia kosa langu, nikiwa nimebadilisha mambo ya kutosha ili mhusika asitambulike. Miaka mingi iliyopita nilichelewa kikao kwa robo saa, na mteja wangu, mtu mpole sana, alisema haidhuru. Nilijisikia vibaya, nikamweleza kwa nini nilichelewa: kulikuwa na mgonjwa nyumbani kwangu, sikuwa nimelala, na mambo mengine. Nilidhani nimekuwa mkweli. Wiki iliyofuata alifika akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, akasema leo hana mengi, tunaweza kumaliza mapema nikapumzike. Ilinichukua miezi kutoka katika hali hiyo, kwa sababu yeye alikuwa amelelewa na baba mgonjwa na kazi yake tangu akiwa na miaka saba ilikuwa kutosumbua. Niliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Niliyasema ili nipumue mimi.

Ndiyo maana naipenda ile sehemu ya kwanza ya jibu la mtaalamu wako. “Umeona sawasawa. Kwa dakika chache sikuwa pamoja nawe.” Hakueleza alikuwa akiwaza nini, hakuleta habari za nyumbani kwake, hakuomba asamehewe. Alithibitisha ulichokiona akaishia hapo. Katika mafunzo huwa tunatofautisha kuthibitisha na kujisimulia, na yeye alibaki upande wa kuthibitisha.

Sehemu ya pili inanipa shida kidogo: “tujiulize sote wawili ni nini kilichotokea.” Naelewa alikotoka. Katika mkabala huu tunaamini kwamba mchanganuzi anapotoka akilini katikati ya kikao, mara nyingi huwa amevutwa katika igizo ambalo hakulikusudia, na mteja naye hakulikusudia. Philip Bromberg na Donnel Stern wameandika sana juu ya hili. Mtu aliyepata jambo asiloweza kulibeba hulitenga. Halimo katika maneno yake wala katika kumbukumbu anayoweza kuisimulia, bali hujitokeza kama tukio kati yake na mwenzake. Freud aliuita upande huo wa nafsi usiojijua ung'amuzi bwete na kuupa makao ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Hawa wanasema nyakati nyingine unaukuta hewani, katikati ya viti viwili. Inawezekana kabisa kwamba ulipokuwa ukisimulia habari za kazini, ulizisimulia kwa sauti ile uliyojifunza kuitumia mbele ya mama aliyenuna: maneno yaliyopangwa, yasiyomdai mtu chochote, wewe mwenyewe ukiwa umeshatoka ndani yake. Na inawezekana mtaalamu wako alikufuata ulikokwenda, akatoka pia, hata ukawa unaongea na uso usio na mtu, kama zamani. Kama ndivyo, basi hapo mlikuwa mmelifikia jambo ambalo mwaka mmoja na nusu wa kuliongelea haujaligusa.

Hiyo ni dhana yangu tu, nami sikuwapo chumbani. Inawezekana vilevile kwamba alikuwa amechoka, na hakuna zaidi.

Hata hivyo, fikiria neno “sote wawili” lilivyoingia masikioni mwako. Aliyeondoka ni yeye. Anakiri, lakini kabla kukiri hakujakaa vizuri, swali tayari limegawanywa katikati, na nusu yake umebebeshwa wewe: huenda mimi nimefanya kitu kilichomwondoa. Ile hoja ya Fairbairn imeingia chumbani. Mtoto anayeuchukua ubaya ili mama abaki mwema hahitaji kusukumwa sana. Akipewa upenyo mdogo atauchukua. Jessica Benjamin, katika makala yake ya mwaka 2004 juu ya watu wanaonasa katika zamu ya mtenda na mtendwa, kila mmoja akijiona ametendewa na mwenzake, anasema kwamba wawili wakifika hapo, mchanganuzi ndiye anayepaswa kutangulia kukubali sehemu yake, bila kumngojea mteja. Anatangulia, anakaa nayo, kisha ndipo swali la pamoja linapata nafasi. Kwa maoni yangu mtaalamu wako alikwenda vizuri, ila aliharakisha. Faraja yako ilitokana na nusu ya kwanza ya sentensi zake. Sitashangaa ikiwa hasira ya usiku ilitokana na nusu ya pili.

Inaweza pia kuwa na chanzo kilicho wazi zaidi. Mtu unayemlipa akusikilize hakukusikiliza. Hasira hiyo haihitaji nadharia.

Wapinzani wa mkabala huu wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Wafuasi wa Freud na wa Melanie Klein, mchanganuzi aliyefuata nyayo za Freud kwa kuwatibu watoto, husema kwamba mtaalamu anapothibitisha jambo, anaufunga mlango wa njozi. Kabla hajajibu, ungeweza kugundua kwamba ulidhani amekuchoka kwa sababu wewe ni mzigo, au kwa sababu anampenda mteja mwingine zaidi, au kwa sababu ulitamani akuchoke ili upate ruhusa ya kuondoka. Akishajibu, yote hayo yanabaki gizani, kwa kuwa mambo yameshajulikana. Wanaongeza kwamba baadhi yetu tumekuwa wepesi mno wa kuzungumzia kutambuana na ukarabati wa uhusiano, hata tumesahau tamaa na chuki ambazo Freud alizitazama bila kupepesa. Mimi naikubali hoja ya kwanza kwa nusu. Hatari ipo, lakini kuthibitisha hakumzuii mtu kuuliza. Mtaalamu mzuri anakwambia umeona sawasawa, kisha anataka kujua: na ulipoona, ulidhani maana yake ni nini? Hoja ya pili naikubali yote.

Kuna utafiti mmoja ambao hutajwa mara nyingi katika mjadala huu, nao unakuhusu. Edward Tronick na wenzake walichapisha mwaka 1978 jaribio la uso usiobadilika. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, kisha anaelekezwa kuukaza uso kwa dakika chache, asicheke wala asijibu. Mtoto hutabasamu, hupunga mikono, huinama mbele, hutumia kila hila anayoijua kumrudisha; asipofaulu, hugeuza uso pembeni na mwili wake hulegea. Nimeitazama video ya jaribio hilo mara nyingi, na sehemu ya kugeuza uso bado sijaizoea. Kazi zilizofuata ndizo zilizobadilisha mawazo yetu zaidi, kwani zilionyesha kwamba hata mama na mtoto wenye uhusiano mzuri hupatana kwa takribani asilimia 30 tu ya muda wanapotazamana. Muda mwingine wanapishana, wanatafutana, wanakutana tena. Mtoto anayekua vizuri basi hupishana na mama yake mara nyingi kama wengine, ila amejifunza kwamba ukipotea utatafutwa. Jeremy Safran na Christopher Muran waliipeleka fikra ya namna hiyo katika tiba za watu wazima, wakafundisha jinsi ya kuutambua uhusiano wa tiba unapopasuka na jinsi ya kuushona.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kama umpime mtaalamu wako au umwache, irudishe hasira pale ilipozaliwa. Usiipeleke kwa rafiki yako, na usiimalize kwangu. Mwambie kwamba ulifarijika, kisha hukulala, na kwamba neno “sote wawili” limekukaa vibaya, kama ni kweli limekukaa vibaya. Usiitengeneze sauti iwe ya adabu sana. Halafu mwangalie, kwa ujuzi ule ulio nao wa kuzisoma nyuso. Akiipokea hasira bila kujitetea, akataka kuisikia yote, hata ile sehemu isiyo ya haki, uko katika mikono mizuri. Akikuuliza ulidhani amekwenda wapi alipoangalia dirishani, mjibu.

Yapo mambo ambayo yakitokea ningekushauri utafute mtaalamu mwingine. Akianza kukueleza matatizo yake ili umwelewe. Akikufanya ujisikie kwamba umemuumiza kwa kumwambia. Akirudia kutoka akilini kila wiki na kila mara akaliita jambo la kuchunguza kwa pamoja. Akikataa kuzungumzia kilichotokea kwa madai kwamba mlishamaliza. Au akitaka mwonane nje ya kikao. Hilo la mwisho halina mjadala katika mkabala wowote. Unaweza pia kumwuliza kama ana mtaalamu mwenzake anayempelekea kazi yake ili aisimamie. Swali hilo si la kumvunjia heshima, na mwenye msimamizi hujibu kwa neno moja.

Jambo moja zaidi. Katika kikao hicho atatamani, na huenda wewe pia, mlifikie jambo la mama yako haraka, kwa sababu linafaa mno, na nimelifikia mimi mwenyewe hapa kwa upesi nisiojivunia. Mama yako yupo katika habari hii, lakini akiitwa mapema atamsaidia mtaalamu kuponyoka: hasira itakuwa ya mama, na yeye atabaki kuwa shahidi mwema. Akikuuliza hasira hiyo ilianza lini, mwambie kwanza ya dirishani.